Opera Mini kwa anayeanza intaneti: kizuri cha kusomea, kibaya cha kulipia

Ukimuuliza fundi simu au muuza vocha namna ya kuperuzi bila bando kuisha haraka, huenda jina la kwanza atakalokutajia likawa Opera Mini. Ushauri ni mzuri, ila mara nyingi huishia nusu. Kivinjari hiki kinabana data kweli, na kwa kusoma habari, matokeo ya mitihani au makala ndefu kwenye simu ya bei nafuu, sioni kinachokizidi. Lakini namna kinavyobana ndiyo hiyohiyo inayokifanya kisifae kuingilia benki, kulipia bili au kujazia fomu ndefu za maombi, na mtu anayeanza haambiwi hilo.

Ili kuelewa sababu, unahitaji istilahi chache za intaneti. Nitazieleza pale zinapohitajika, kila moja ikiwa kazini ndani ya programu yenyewe, maana neno kama seva au kuki likielezwa peke yake husahaulika kesho yake.

Vitu vinne vinavyochanganywa

Intaneti ni mtandao wenyewe: nyaya, minara, ruta na kanuni za kupitisha data kati ya kompyuta na kompyuta. Kanuni hizo, ziitwazo TCP/IP, zilianza kutumika rasmi kwenye mtandao wa ARPANET wa Marekani tarehe 1 Januari 1983. Kwetu Afrika Mashariki sehemu kubwa ya intaneti hupita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi. SEACOM ilitua Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, EASSy ikafuata 2010. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya polepole.

Wavuti ni huduma mojawapo inayopita juu ya intaneti: kurasa zilizounganishwa kwa viunganishi, au linki kama wengi tunavyosema. Tim Berners-Lee aliipendekeza mwaka 1989 akiwa kwenye kituo cha utafiti cha CERN, Uswisi. Barua pepe na WhatsApp nazo hupita juu ya intaneti, lakini si wavuti. Kivinjari ni programu ya kufungulia kurasa za wavuti: Chrome, Firefox, Safari, Opera Mini. Injini ya kutafutia, kama Google au Bing, ni tovuti unayoifungua ndani ya kivinjari ili ikutafutie tovuti nyingine.

Tofauti hii inagusa mfuko moja kwa moja. Opera Mini hubana kile kinachopita ndani yake tu. Video za TikTok, picha za WhatsApp na programu ya YouTube hazipiti humo. Anayesakinisha Opera Mini leo na kuendelea kutazama video kwenye programu zake zilezile hataona nafuu yoyote kwenye bando, kisha atasema kivinjari ni kibovu.

Safari ya ukurasa mmoja

Chukua anwani hii: https://sw.wikipedia.org/wiki/Tanzania. Ukiiandika kwenye kivinjari cha kawaida, kwanza simu huuliza DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Namba hiyo ndiyo anwani ya IP. Ile ya aina ya zamani, IPv4, huwa na namba nne zilizotengwa kwa nukta, kila moja kati ya 0 na 255. Simu ikishapata namba huunganishwa na seva, kompyuta inayokaa imewashwa usiku na mchana ikingoja maombi. Seva hurudisha faili la HTML lenye maandishi na mpangilio wa ukurasa. Kivinjari kikilisoma hukuta limetaja vitu vingine vingi: picha, faili za CSS za rangi na herufi, skripti (programu ndogo) za JavaScript, matangazo, vihesabio vya wageni. Kila kimoja ni ombi jipya, na mengine huenda kwa seva za kampuni nyingine kabisa. Ukurasa mmoja wa gazeti unaweza kupeleka maombi zaidi ya mia kabla haujatulia.

Katika hali yake ya kubana sana, Opera Mini haifuati njia hiyo. Simu yako haizungumzi na Wikipedia kabisa. Inazungumza na seva ya Opera, na seva hiyo ndiyo inayouliza DNS, inayoomba HTML, picha na skripti, na inayoujenga ukurasa mzima hukohuko. Kisha hupunguza picha, hutupa kisichohitajika, huugeuza ukurasa kuwa muundo mdogo uitwao OBML na kuutuma kwenye simu ukiwa umebanwa. Ni kama kumtuma mtu sokoni: mboga anazichambua kulekule na kukuletea zilizo tayari kwa sufuria, mzigo unakuwa mwepesi, lakini anajua kila ulichonunua.

Mbinu hii ina umri. Opera Mini ilianza Norway mwaka 2005 na kutolewa duniani kote Januari 2006, enzi za simu za vitufe zenye Java, na programu nzima ilikuwa chini ya MB 1. Simu zile hazikuwa na nguvu ya kujenga ukurasa mzito, ndiyo maana kazi ikabebwa na seva. Leo hata simu ya bei ya chini ina nguvu hiyo. Kilichobaki ni bei ya data, na hapo ndipo programu hii bado inastahili nafasi yake.

Hesabu ya bando

Bando huuzwa kwa MB na GB, ilhali kasi hutangazwa kwa Mbps. B kubwa ni baiti, b ndogo ni biti, na baiti moja ina biti nane. Kwa hiyo mtandao wa Mbps 8, ukienda kwa kasi yake kamili, hupakua MB 1 kwa sekunde, si MB 8. Video inayotiririka kwa Mbps 1 hula MB 7.5 kwa dakika, ambazo ni MB 450 kwa saa.

Kurasa nyingi za siku hizi zinazidi MB 2. Tuchukue MB 2.5: bando la MB 500 litafungua kurasa 200. Opera hutangaza kwamba wanabana hadi asilimia 90. Ikifika hapo, ukurasa uleule unakuwa MB 0.25 na bando lilelile linafungua kurasa 2,000. Zingatia hilo neno "hadi". Ukurasa uliojaa picha na matangazo hupungua sana. Ukurasa wa maandishi matupu hauna kikubwa cha kupunguzwa. Faili la PDF unalolipakua halipungui, kwa sababu lazima likufikie kama lilivyo.

Ndani ya menyu kuna kihesabio kinachoonyesha data uliyookoa. Kinatia moyo, ila kipimo cha kuaminika ni cha simu yenyewe. Ingia Mipangilio ya Android, sehemu ya mtandao, kisha matumizi ya data kwa kila programu. Andika namba ya Opera Mini, fungua kurasa kumi unazozisoma kila siku, rudi uandike namba mpya. Fanya vivyo hivyo kwa Chrome na kurasa zilezile. Kabla ya kupima futa kashe kwenye vivinjari vyote viwili. Kashe ni nakala za picha na faili ambazo kivinjari kimejiwekea kwenye simu ili kisizipakue tena. Usipoifuta, ukurasa ulioufungua jana utaonekana mwepesi leo hata bila kubanwa, na ulinganisho wako hautakuwa na maana.

Hali za kubana, na ipi uchague

Kwenye Android menyu ya Opera iko chini kulia. Ndani yake kuna sehemu ya kuokoa data yenye hali kadhaa. Hapa naziita kama zilivyo kwenye menyu ya Kiingereza; matoleo hutofautiana kidogo kwa majina na mahali.

Extreme ndiyo ile njia ya seva niliyoieleza. Inabana kuliko zote na inavuruga tovuti kuliko zote. Katika High ukurasa hujengwa na simu yenyewe, hivyo tovuti nyingi hufanya kazi kama kawaida lakini akiba ni ndogo zaidi. Automatic huiachia programu ichague. Off huzima kubana kabisa, na hapo unatumia kivinjari cha kawaida.

Simshauri anayeanza akae kwenye Automatic. Tatizo lake ni kwamba hujui muda huu ukurasa umepita njia ipi, na kama tutakavyoona, njia ndiyo inayoamua kama ni salama kuandika nenosiri. Chagua Extreme kwa mkono wako unapotaka kusoma, na Off unapotaka kufanya jambo lenye pesa au siri. Kubadilisha ni miguso michache tu.

Mipangilio mingine mitatu ina faida ya haraka. Ubora wa picha: weka wa chini kwa habari, au zima picha kabisa bando likibaki MB chache. Kizuia matangazo: washa, kinapunguza data na pia viunganishi vya ulaghai vinavyojificha kwenye matangazo. Upakuaji: ruhusu faili kubwa zisubiri Wi-Fi.

Kuna pia kuhifadhi ukurasa usomwe bila mtandao, na huu ndio uwezo ninaoupenda kuliko wote humu. Fungua ukurasa, gusa menyu iliyo kando ya upau wa anwani, chagua kuuhifadhi kwa kusoma nje ya mtandao. Utaukuta kwenye orodha ya kurasa zilizohifadhiwa hata laini ikiwa haina salio. Usiuchanganye na alamisho: alamisho huhifadhi anwani tu, na ukiigusa kivinjari huupakua ukurasa upya kwa data. Mwanafunzi mwenye Wi-Fi ya shuleni mchana na bila bando usiku anahitaji kurasa zilizohifadhiwa, alamisho hazitamsaidia.

HTTPS: hapa ndipo penye hatari

Anwani huanza na http au https. Hizi ni itifaki, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kivinjari na seva. Kwa http ya kawaida, kila unachoandika hupita wazi, na mwenye kudhibiti Wi-Fi unayotumia anaweza kukisoma. Herufi s ikiongezeka mwishoni, data husimbwa: hugeuzwa kuwa fumbo ambalo ni pande mbili tu zinazoweza kulifumbua, simu yako na seva ya tovuti. Yeyote wa katikati, awe kampuni ya simu au mwenye mgahawa ambaye Wi-Fi yake unaitumia, huona kwamba umeunganishwa na tovuti fulani, lakini haoni nenosiri wala kiasi ulichotuma.

Kabla ya kusimba, seva huonyesha cheti. Cheti ni faili la kidijitali lililotiwa saini na mamlaka inayotambuliwa na kivinjari, likithibitisha kwamba seva hii kweli inamiliki jina la tovuti uliloliandika. Likiwa sawa, unaona kufuli au huoni onyo lolote. Kumbuka lakini kufuli halisemi kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye hupata cheti, tena bure, kwa tovuti yake mwenyewe. Kufuli husema tu kwamba mazungumzo yenu hayasikilizwi na mtu wa tatu.

Sasa rudi kwenye Extreme. Simu yako inazungumza na seva ya Opera kwa njia iliyosimbwa. Seva ya Opera nayo inazungumza na benki kwa njia iliyosimbwa. Lakini ili seva ya Opera iujenge ukurasa na kuubana, ni lazima iusome, na ili iusome ni lazima ifumbue. Kwa hiyo katikati ya safari, ndani ya seva hiyo, nenosiri lako na salio lako huwa wazi. Hili halikufichwa: Opera wenyewe wamelieleza kwenye msaada wao, wakishauri kwamba anayetaka usimbaji wa mwanzo hadi mwisho atumie kivinjari kamili. Ni tabia ya muundo wenyewe, na toleo jipya haliwezi kuiondoa bila kuondoa kubana.

Haimaanishi kwamba kuna mtu Oslo anayekaa kusoma manenosiri. Ina maana kwamba umeongeza mhusika mmoja wa kumwamini, ambaye benki yako haikumhesabu. Na ni haki kujua ni nani. Opera ni kampuni yenye makao Oslo, Norway. Mwaka 2016 biashara yake ya vivinjari ilinunuliwa na kundi la wawekezaji wa China kwa dola milioni 600, na tangu 2018 hisa zake zinauzwa kwenye soko la NASDAQ. Programu ni bure kwa sababu mapato hutoka kwenye matangazo na mikataba ya injini za kutafutia.

Kanuni ninayoifuata ni nyepesi: kwenye Extreme usiandike nenosiri la benki, la barua pepe yako kuu, wala namba za kadi. Barua pepe naitaja makusudi, maana anayeimiliki anaweza kuomba kubadilisha manenosiri ya akaunti zako nyingine zote.

Wapo pia wanaodhani kwamba, kwa kuwa ombi linapita kwenye seva ya Opera, Opera Mini ni VPN, yaani huduma inayoficha anwani yako ya IP. Si VPN. Seva ya Opera huiambia tovuti anwani ya IP ya simu iliyoomba ukurasa, kupitia kichwa cha ombi (maelezo yanayoambatana na ombi) kiitwacho X-Forwarded-For. Hufichiki.

Kwa nini fomu zinagoma

JavaScript ni lugha ya programu ndogo zinazoendeshwa ndani ya ukurasa. Ndizo zinazofanya orodha ya wilaya ibadilike ukichagua mkoa, ramani isogee, na saa ya kusubiri namba ya uthibitisho ihesabu kurudi nyuma. Kwenye kivinjari cha kawaida skripti huendelea kufanya kazi muda wote ukurasa ukiwa wazi. Kwenye Extreme, skripti huendeshwa kwenye seva kwa muda mfupi, kisha ukurasa huganda na kutumwa kwako ukiwa kama picha iliyokamilika yenye viunganishi. Ukibonyeza kitu kinachohitaji skripti, ombi hurudi kwenye seva, na ukurasa hutengenezwa upya.

Ukijua hilo, vituko vingi vinaeleweka. Orodha ya wilaya inabaki tupu baada ya kuchagua mkoa. Kitufe cha kutuma hakiitiki. Kisanduku cha kuthibitisha kwamba wewe si roboti hakitokei, au kinatokea na kukataa jibu sahihi. Alama zilizochorwa kwa fonti maalumu zinakuwa vijisanduku vitupu. Ramani haisogei, na tovuti za kuhariri nyaraka hazifunguki kabisa. Usifute programu wala usiilaumu simu: hamia Off, pakia ukurasa upya, kisha anza fomu tangu mwanzo. Usibadilishe hali katikati ya fomu, kwa sababu kipindi chako cha kuwa umeingia kwenye tovuti huenda kikapotea pamoja na ulichokwisha kujaza.

Kwa malipo kuna tahadhari ya ziada. Ukurasa ukiganda baada ya kubonyeza kitufe cha kulipa, usibonyeze tena. Angalia kwanza ujumbe wa muamala kwenye simu au salio lako. Ombi la kwanza linaweza kuwa lilifika kwenye seva ya malipo na ni jibu tu lililopotea njiani. Ukibonyeza mara ya pili unaweza kulipa mara mbili.

Kusoma anwani kabla ya kugusa

Kwenye skrini ndogo upau wa anwani hukata majina marefu, na matapeli wanalijua hilo. Anwani husomwa hivi: tafuta mkwaju (alama ya /) wa kwanza baada ya https://, kisha soma jina kutoka hapo ukirudi kushoto. Kwenye sw.wikipedia.org, kikoa kikuu, yaani jina lenyewe la tovuti, ni wikipedia.org, na sw ni tawi lake la Kiswahili. Kinachofuata baada ya mkwaju, /wiki/Tanzania, ni mahali ndani ya tovuti hiyo.

Kwa Tanzania vikoa huishia .tz. Kwa Kenya huishia .ke, vikisimamiwa na KeNIC. Taasisi za serikali hutumia .go.tz na .go.ke, vyuo .ac.tz na .ac.ke, kampuni .co.tz na .co.ke. Sasa tazama anwani hii ya mfano: benkiyangu.co.tz.example.com. Jicho huona benkiyangu.co.tz na kutulia. Soma kutoka kulia: kikoa halisi ni example.com, na hayo ya mwanzo ni matawi tu ambayo mwenye kikoa anaweza kuyaita jina lolote apendalo. Ulaghai huu wa kutengeneza ukurasa unaofanana na wa benki ili uandike nenosiri lako huitwa hadaa, na kiunganishi chake huja kwa SMS au WhatsApp kikikuharakisha: akaunti itafungwa leo, umeshinda zawadi, thibitisha sasa. Gusa upau wa anwani ili jina zima lionekane, lisome mpaka mwisho, ndipo uamue. Bora zaidi, iandike anwani ya benki mwenyewe na uiweke kwenye alamisho mara moja tu.

Kuki, historia na dirisha la faragha

Kuki ni maandishi mafupi ambayo tovuti huyahifadhi kwenye kivinjari ili ikukumbuke: kwamba umeshaingia, lugha uliyochagua, bidhaa zilizo kwenye kikapu. Ukizifuta utatolewa kwenye akaunti zako, na hilo si hitilafu. Historia ni orodha ya kurasa ulizofungua. Kuki, historia na kashe hufutwa pamoja au kimoja kimoja ndani ya Mipangilio, sehemu ya faragha. Soma visanduku kabla ya kuthibitisha, kwa maana manenosiri yaliyohifadhiwa huwa kwenye orodha hiyohiyo.

Dirisha la faragha halihifadhi historia wala kuki baada ya kulifunga. Linafaa ukiazima simu ya mtu. Halimzuii mwenye mtandao, kampuni ya kivinjari wala tovuti yenyewe kujua ulikuwepo.

Ukurasa usipofunguka

Namba za makosa ni lugha ya seva, na kila moja ina dawa yake. 404 maana yake seva ipo lakini ukurasa huo haupo: futa sehemu ya mwisho ya anwani hadi mkwaju uliotangulia, ujaribu tena. 403 ni kukataliwa ruhusa, na kupakia upya hakusaidii. 500 ni hitilafu ndani ya seva ya tovuti. Simu yako haina kosa, subiri. 502 na 504 hutokea pale seva iliyo katikati inapokosa jibu zuri kutoka kwa seva iliyo nyuma yake, jambo la kawaida siku matokeo ya mitihani yanapotangazwa na watu wengi wanaingia kwa pamoja.

Kwa kuwa Opera Mini kwenye Extreme hupita njia tofauti na Chrome, ukiwa na vyote viwili una chombo kizuri cha kutafutia chanzo cha tatizo. Tovuti ikifunguka kwenye Opera Mini na kugoma kwenye Chrome, tovuti ni nzima. Shida iko kwenye simu au mtandao wako. Kwanza angalia tarehe na saa ya simu: ikiwa imerudi nyuma mwaka mzima baada ya betri kuisha, vyeti vyote vitaonekana batili na Chrome itakuzuia kwa onyo la usalama. Ikifunguka kwenye Chrome na kugoma kwenye Opera Mini, hamia Off. Ikigoma kote, tovuti yenyewe ndiyo iliyolala, au bando limekwisha.

Yasiyopendeza

Ukurasa wa mwanzo umejaa. Kuna habari zisizoombwa, vichwa vya habari vya kuvutia macho, na vijisanduku vya tovuti zilizolipia nafasi. Anayeanza hudhani hivyo ndivyo intaneti ilivyo, na hugusa tangazo akidhani ni njia ya mkato. Habari hizo pia hupakuliwa kwa bando lako, jambo linalopingana na sababu ya kukisakinisha. Ingia Mipangilio, tafuta sehemu ya ukurasa wa mwanzo, zima habari. Kisha kwenye vijisanduku bonyeza na kushikilia kila usichokitaka ukiondoe. Arifa zizime kwenye mipangilio ya Android kama zinasumbua.

Tovuti nazo huomba ruhusa ya kukutumia arifa. Kataa karibu zote. Sehemu kubwa ya matangazo ya ajabu yanayodai simu ina virusi huingia kupitia ruhusa hiyo, wala simu haina virusi vyovyote.

Vipi kuhusu vivinjari vingine?

Chrome ilikuwa na hali yake ya kuokoa data, lakini Google iliiondoa mwaka 2022 kuanzia toleo la 100. Imebaki kivinjari imara kwa malipo na fomu, kisichobana chochote. Anayetaka kupunguza data bila kumweka mtu wa tatu katikati, Firefox ya Android pamoja na programu-jalizi (nyongeza ya kivinjari) ya uBlock Origin ni jibu bora: matangazo na vihesabio havipakuliwi kabisa, na usimbaji unabaki kati ya simu na tovuti. Akiba yake haifikii Extreme, kwani picha za makala yenyewe huja kwa ukubwa wake, na kwenye simu yenye RAM ya GB 1 au 2 Firefox huwa nzito.

Kwa hiyo mpangilio ninaoupendekeza kwa simu ya kawaida ni vivinjari viwili: Opera Mini kwenye Extreme kwa kusoma tu, bila kuingia kwenye akaunti yoyote ya maana; na Chrome au Firefox kwa benki, barua pepe na maombi ya serikali au vyuo. Kiweke hicho cha pili kuwa kivinjari chaguo-msingi, ili kiunganishi cha malipo kinachokuja kwa SMS kisifunguke kwenye Extreme bila wewe kujua. Android huweka chaguo hilo kwenye Mipangilio, sehemu ya programu chaguo-msingi.

Opera Mini ipakue Play Store tu, na hakikisha mtoaji aliyeandikwa chini ya jina ni Opera. Mitaani na kwenye magrupu huzunguka faili za APK (faili za kusakinishia programu za Android) za Opera Mini zilizorekebishwa, zikiahidi intaneti ya bure. Aliyeweza kubadilisha kivinjari ili kipite kwenye seva yake ameweza pia kuona kila utakachoandika humo, na hapo hakuna hali ya Off itakayokuokoa.